Rimoti Moja kwa Kompyuta ya Sebuleni

Kompyuta iliyounganishwa na televisheni sebuleni haiwi kifaa cha nyumba mpaka mtu asiyejua kompyuta aweze kuiwasha, kuchagua anachotaka kutazama, kuongeza sauti na kuizima akiwa ameketi kitini pake, bila kumwita mtu kutoka chumbani. Kabla ya hapo inabaki kuwa chombo cha yule aliyeifunga. Nimefunga mashine za namna hii kwangu na kwa jamaa zangu hapa Jinja, na kila mara kilichonidai fikra nyingi zaidi hakikuwa diski, wala picha, wala spika, kilikuwa rimoti.

Mashine yenyewe si tabu kuipata siku hizi. Kompyuta ndogo za mezani zilizokwisha kutumika maofisini zinauzwa katika maduka mengi ya Kampala. Hazina kelele, hazili umeme mwingi, na ukiziwekea Kodi, programu ya bure iliyoanzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox na kupewa jina ililo nalo sasa mwaka 2014, unapata maktaba nzima ya nyumba kwenye kioo kimoja. Kwa kuwa data ya intaneti ina gharama, familia nyingi hupenda kuweka vitu vyao kwenye diski: filamu, katuni za watoto, nyimbo za dini, video za harusi na za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya harusi. Hayo yote yakikamilika, wengi huishia hapo. Kibodi yenye waya inakatiza sebule, mausi inasukumwa juu ya mkono wa kochi, na baada ya muda mfupi wazee wa nyumba wanarudi kutazama chochote kinachorushwa hewani, kwa sababu rimoti ya televisheni wanaielewa.

Swali la kwanza, kabla ya kununua kitu chochote, ni kompyuta itakaa wapi. Kwangu inakaa ndani ya kabati la mbao lenye milango, kwa sababu ya vumbi la kiangazi na vidole vya watoto. Uamuzi huo mdogo ndio unaoamua aina ya rimoti, maana rimoti nyingi hutuma amri zake kwa mwanga, na mwanga haupenyi ubao.

Mwanga huo ni wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Kitaa kidogo kwenye ncha ya rimoti hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, tena hakiwaki mfululizo: kinawaka na kuzimika mara 38,000 kwa sekunde, au 36,000 katika baadhi ya aina, na kipokezi kimetengenezwa kufuata mdundo huo tu na kupuuza mwanga mwingine uliojaa chumbani. Juu ya mdundo huo hupandishwa ujumbe wenyewe, na kila kundi la watengenezaji lina itifaki yake, yaani kanuni za kuupanga ujumbe huo. Katika ile ya NEC, inayotumika katika rimoti nyingi za bei nafuu, ujumbe hufunguliwa kwa mwanga wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, kisha hufuata namba ya kifaa na namba ya kitufe, na namba ya kitufe hutumwa tena ikiwa imegeuzwa ili kipokezi kihakikishe kwamba hakikusikia vibaya. Philips walikuwa na RC-5, halafu RC-6, na hiyo RC-6 ndiyo iliyotumika katika rimoti zenye kitufe cha kijani zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows Media Center, programu ya Microsoft ya kutazamia filamu na televisheni kwenye kompyuta. Microsoft waliiacha programu hiyo walipotoa Windows 10 mwaka 2015, lakini vipokezi vyake vya USB bado vinafanya kazi vizuri katika Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na ukivikuta kwenye rundo la vifaa vilivyotumika, vinunue.

Rimoti isipofanya kazi, kabla ya kugusa kompyuta mimi huchukua simu. Nafungua kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, nauelekeza uso wa rimoti kwenye lenzi na kubonyeza kitufe chochote. Jicho tupu halioni kitu, lakini kwenye kioo cha simu kitaa kinaonekana kikimetameta kwa rangi ya zambarau iliyopauka, kikikatika na kurudi kadiri kidole kinavyoendelea kubonyeza. Kikimeta, rimoti ni nzima na shida iko upande wa kipokezi au wa programu. Kisipometa, nafungua mfuniko wa betri, natazama kama vibati vimeshika kutu ya kijani, navisugua kwa kitambaa kikavu na kuweka betri nyingine. Kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio kikali kinachozuia infraredi, kwa hiyo asiyeona kitu kwa kamera hiyo asiitupe rimoti bado.

Jua nalo lina neno lake. Rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic ya kampuni ya Zenith ya Marekani, iliyotoka mwaka 1955, ilitumia mwanga wa kawaida, na jua lililoingia sebuleni liliweza kuibadilishia televisheni idhaa bila mtu kugusa kitu. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikahamia kwenye sauti ambayo sikio halisikii. Mdundo wa 38,000 umetuepusha na balaa hilo, lakini mwanga mkali wa jua ukikipiga kipokezi usoni hukilemea, na rimoti inayofanya kazi usiku ukiwa mbali hukataa jioni, jua linapoingia kwa dirisha la magharibi. Taa za kuokoa umeme za aina ya mirija iliyosokotwa nazo huweza kuleta fujo, kwa kuwa mitambo yake ya ndani huuchezesha mwanga kwa kasi inayokaribia ule mdundo wa rimoti. Kipokezi kiwekwe chini ya televisheni, penye kivuli, kikitazama viti. Kwa kuwa kompyuta yangu iko kabatini, kipokezi nimekitoa nje kwa waya mwembamba wa kurefusha USB uliopita katika tundu la nyuma ya kabati, na milango inabaki imefungwa.

Mwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, hahitaji kipokezi cha USB. Kuna kijidude cha miguu mitatu, kama TSOP38238, ambacho mguu mmoja huenda kwenye umeme, mmoja kwenye ardhi na mmoja kwenye pini ya GPIO, yaani ya kupitishia ishara, na mstari mmoja wa dtoverlay=gpio-ir katika faili ya config.txt unatosha kuiamsha pini ya GPIO namba 18. Kipewe volti 3.3, kisipewe volti 5, kwa sababu pini za Raspberry Pi hazihimili volti 5 na ubao unaweza kuungua kimyakimya. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya aina na aina, kwa hiyo usome karatasi ya mtengenezaji kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Asiyetaka haya yote atafute Flirc, kipokezi kidogo cha USB kinachofundishwa amri za rimoti yoyote iliyopo nyumbani na kisha kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Kwa mtu anayefunga mashine ya mzazi aliye mbali, mathalani kule Arua au Mbale, naona hiyo ndiyo njia yenye amani zaidi, kwa sababu mafunzo yanakaa ndani ya kipokezi chenyewe na hayafutiki hata mfumo wa kompyuta ukiwekwa upya.

Katika Linux kazi ya kusoma rimoti zamani ilikuwa ya programu iitwayo LIRC, na maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni bado yanaitaja. Siku hizi kiini cha Linux chenyewe kinazielewa itifaki za kawaida, na chombo cha kukipangia kazi ni ir-keytable. Unafungua dirisha la amri, unaandika ir-keytable -p nec,rc-5,rc-6 -t, kisha unabonyeza vitufe kimoja kimoja. Kila ukibonyeza, mstari unatokea ukiwa na jina la itifaki na namba ya kitufe iliyoandikwa kwa tarakimu na herufi. Mimi huandika namba hizo kwa kalamu kwenye daftari, kila moja mbele ya mchoro wa kitufe chake, kwa sababu baadaye ndizo zinazoingia kwenye faili ndani ya folda ya /etc/rc_keymaps, kila namba ikipewa jina la kitufe cha kibodi kitakachowakilishwa.

Kuna jambo moja hapa linalowatesa wengi bila sababu kuonekana. Kitufe cha katikati cha rimoti kwa kawaida hupewa jina KEY_OK, ambalo ndani ya Linux ni namba 352. Mfumo wa madirisha wa X11 haupitishi namba ya kitufe inayozidi 255. Matokeo yake, ir-keytable inaonyesha kwamba kitufe kimesomwa vizuri, mishale yote inafanya kazi, lakini kitufe muhimu kuliko vyote hakifanyi lolote kwenye Kodi. Kipe jina la KEY_ENTER, na shida inakwisha hapo hapo. LibreELEC, mfumo uliotengenezwa mahususi kwa kuendesha Kodi peke yake, hautumii X11 katika matoleo yake ya kawaida ya sasa, na hii ni sababu mojawapo inayonifanya niupendekeze kwa anayeanza.

Njia ya pili ni redio. Rimoti hizi huja na kipokezi kidogo cha USB cha gigahezi 2.4, zinapenya mbao na ukuta mwembamba, na nyingi zina kibodi ndogo mgongoni, au zinasogeza mshale wa mausi kwa kupeperushwa hewani. Kompyuta inaziona kuwa kibodi na mausi, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Ubaya wake ni kwamba kipokezi kikipotea, rimoti nayo haina kazi tena, kwa sababu viwili hivyo vimefungwa pamoja tangu kiwandani. Tena kipokezi kikichomekwa kwenye tundu la USB 3.0 lililo jirani na diski ya nje inayofanya kazi, rimoti huanza kukosa amri: unabonyeza mara mbili, inaitika moja. USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayohayo ya gigahezi 2.4, na Intel waliandika waraka mzima kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Dawa yake ni kukihamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2.0, au kukisogeza mbali kwa waya wa kurefusha.

Kuna pia HDMI-CEC, yaani kuipitisha amri ya rimoti ya televisheni ndani ya waya uleule wa picha, kwenye pini yake ya 13. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync, na lazima iwashwe kwenye menyu ya televisheni. Raspberry Pi inayo tayari, na kwa mwenye nayo ni rahisi mno: rimoti ya televisheni inaendesha vyote viwili. Kompyuta nyingi za mezani, hata zenye tundu la HDMI, hazina uwezo huo na huhitaji kifaa cha ziada. Simu janja ya Android nayo inaweza kuwa rimoti kwa programu ya Kore, ukiruhusu katika Kodi udhibiti kwa njia ya HTTP, ambao kwa kawaida hutumia mlango wa 8080; weka nywila, ili simu ya mgeni aliyepewa Wi-Fi isije ikaendesha filamu yako. Ni nzuri kwa kuandika jina la filamu unayoitafuta, lakini simu ya mtu mmoja haiwezi kuwa rimoti ya nyumba. Mwenyewe akienda kazini anaondoka nayo.

Sasa nirudi kwenye lile ninaloliona kuwa ndiyo kazi yenyewe, yaani kuamua vitufe. Mama yangu, ambaye wajukuu wake wanamwita Jaja kama ilivyo desturi ya huku, aliishika rimoti mpya, akaigeuza, akavaa miwani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, vitufe vyote hivi ni vya nini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Anachohitaji yeye ni mishale minne, kitufe cha kukubali, cha kurudi, cha kusimamisha na kuendeleza, viwili vya sauti, na kile cha kuwasha na kuzima. Vilivyobaki sikuviandika kwenye faili hata kimoja, na kitufe ambacho hakimo kwenye faili hakifanyi kitu, hata kikibonyezwa na mtoto au na mto wa kochi. Hii ni tofauti kubwa na rimoti zinazojifanya kibodi bila kupangwa, ambapo herufi S pekee inafungua menyu ya kuzima na herufi X inasimamisha filamu, kwa sababu hizo ndizo amri za kawaida za kibodi ndani ya Kodi.

Nilikaa kando yake nikitazama kidole gumba badala ya kioo. Vijana hubonyeza na kuachia mara moja. Mama hubonyeza kwa utulivu na kushikilia mpaka aone kitu kimebadilika. Kwa mkono wa namna hiyo, mshale wa chini unaruka mistari mitatu au minne, na kitufe cha kukubali kikishikiliwa kinafungua menyu ya pembeni ambayo hakuiomba, maana Kodi huchukulia mbonyezo mrefu kuwa ni amri nyingine. Alidhani anakosea, ilhali mashine ndiyo iliyokuwa haijapangwa kwa ajili yake. Kwa kawaida kiini cha Linux husubiri milisekunde 500 kabla ya kuanza kurudia kitufe cha rimoti. Kwa ir-keytable -D unaweza kuongeza muda huo, na kwa -P ukapunguza kasi ya marudio. Na ndani ya Kodi, faili fupi ya XML katika folda ya userdata/keymaps inatosha kuamuru kwamba mbonyezo mrefu wa kitufe cha kukubali uwe na maana ileile ya mbonyezo mfupi. Baada ya mabadiliko hayo aliweza kufika kwenye nyimbo zake za kwaya peke yake, na taa zikiwa zimezimwa. Kitufe cha kurudi nilikibandikia kipande cha plasta kwa juu ili kidole kikitambue gizani, kwa sababu mtu anayejua njia ya kurudi haogopi kujaribu.

Limebaki suala la umeme, ambalo kwa nchi yetu haliwezi kuachwa pembeni. Rimoti inaweza kuiamsha kompyuta iliyolala, kwa sharti kwamba tundu la USB linaendelea kupata umeme. Hilo hupangwa mara mbili: kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa mashine inapowaka, ambako inafaa kuruhusu kuamshwa kwa USB na kukizima kipengele cha ErP, kinachofuata kanuni za Umoja wa Ulaya za kubana umeme na ambacho hukata kabisa umeme wa matundu mashine inapozimwa, kisha kwenye mfumo wenyewe, ambako Windows ina kisanduku cha kuruhusu kifaa kiamshe kompyuta, na Linux ina faili ya power/wakeup kwa kila kifaa cha USB, inayopaswa kuwa na neno enabled.

Lakini umeme ukikatika, kompyuta haiko usingizini tena. Imezimika, na ukirudi rimoti haina wa kumwamsha. Hapo ndipo wengi hurudi kumtuma mtoto afungue kabati akabonyeze kitufe. Nimekuta njia inayokwenda vizuri: kwenye BIOS napanga mashine ijiwashe yenyewe kila umeme unaporudi, kisha katika Kodi, kwenye mipangilio ya mfumo sehemu ya kuokoa nishati, napanga ilale baada ya muda mfupi wa kutotumika. Umeme unarudi usiku wa manane, kompyuta inaamka, inakaa kidogo, inalala. Asubuhi rimoti inaikuta mahali pale pale ilipokuwa. Kompyuta iliyolala hula umeme kidogo sana, na hata kwa wenye mita za Yaka, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, ambao kila uniti wanaiona ikiondoka, ni bora hivyo kuliko kuiacha imewaka mchana kutwa. Wenye filamu kwenye diski ya nje wajaribu kwanza kama diski inarudi vizuri baada ya usingizi, kwa kuwa zipo zinazogoma kutambuliwa mpaka zichomolewe.

Kuhusu betri niseme kwa ufupi tu. Zile za bei ya chini kabisa huvuja mapema na kuharibu vibati, kwa hiyo rimoti isiyotumika kwa muda mrefu itolewe betri. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya rimoti za infraredi hupungukiwa umbali zikitumia hizo. Zijaribu kutoka kwenye kiti cha mbali zaidi kabla ya kuzitegemea.

Kila ninapomaliza nyumba moja, nanakili faili ya /etc/rc_keymaps na ile ya userdata/keymaps kwenye flashi na kumwachia mwenye nyumba, pamoja na rimoti ya pili ya aina ileile. Ikiwa ni ya infraredi, ya pili inatuma namba zilezile za ya kwanza, kwa hiyo ya kwanza ikipotea au kumwagikiwa chai, unatia betri kwenye nyingine na kuendelea kutazama bila kupanga kitu upya.